Majengo ya Umma na Nyumba za Pombe za Dar es Salaam



Wenzangu wamekwisha kuandika katika gazeti letu hili habari za walimu, za michezo, na za ndugu zetu waliotangulia mbele ya haki. Mimi naleta habari za majengo. Tangu wizara yetu ilipohamia Dodoma, kila nipatapo likizo na kurudi Dar es Salaam huamka alfajiri nikaingia mjini na kamera. Nimepiga picha za namna mbili. Za kwanza ni za majengo ya umma: maboma, hospitali, mahakama, kumbi za mikutano, masoko. Za pili ni za nyumba za pombe: hoteli zenye kaunta, baa, vilabu vya pombe za kienyeji, na kumbi za dansi.

Picha za namna ya kwanza jamaa zangu huzielewa, hata huzisifu. Hizi za pili huwatia mashaka. "Afisa mzima, na umri huo, unazunguka mabaa ukipiga picha?" Shemeji yangu mmoja ameshauri niombewe. Lakini nasema hivi: katika mji wa Dar es Salaam boma na baa ni historia moja. Aliyetawala aliamua nani aingie ofisini kwa mlango wa mbele na nani asubiri barazani. Akaamua pia nani anywe nini, akae wapi, na aondoke saa ngapi. Ukitaka kujua utawala ulikuwa wa namna gani, usisome hotuba za magavana peke yake. Uliza mtu wa kawaida aliruhusiwa kupita mlango upi.

Na tuanze na mwenye mji. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 mji wake ukiwa haujakamilika. Katika majengo ya zama zake yamebaki machache. Mojawapo ni lile tuliitalo Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani, nalo linatazama bandari mpaka leo. Nyumba ya Atiman nayo ni ya miaka hiyo hiyo. Iliwahi kuwa ya watu wa Sultani, kisha ikawa ya Mapadri Weupe, na sasa inaitwa kwa jina la Adrien Atiman, aliyechukuliwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomea utabibu, na kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Vijana, mkifika Boma la Kale msitazame mlango wa nakshi tu. Tazameni kuta: ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono. Kisha ingieni ndani mpime upana wa chumba kwa hatua. Mtakuta vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba, kama mita mbili na nusu au kuzidi kidogo. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Ukiipitisha mbali zaidi itapinda. Basi mti wa porini, wa Rufiji, ndio uliopanga upana wa sebule ya Sultani. Jengo hili liliwahi kupangiwa kubomolewa likaokoka, na baada ya ukarabati likawekwa kituo cha urithi wa majengo. Yaani wakati mwingine tunaweza.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na ndani ya miaka isiyozidi ishirini wakajenga sehemu kubwa ya yale tunayoyaona Kivukoni na kandokando ya Bahari ya Hindi. Kanisa la Kilutheri la Azania Front lilianza kujengwa mwaka 1898. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897, na tabibu mashuhuri Robert Koch alifanyia uchunguzi wa malaria katika mji huu mwaka huo na uliofuata. Ni jengo zuri sana, sikatai. Picha yangu niipendayo ni ya minara yake asubuhi, kabla magari hayajaanza kupita.

Lakini hospitali hiyo ilikuwa ya Wazungu. Wahindi na Waafrika walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyetoa mali yake kwa ajili ya wagonjwa wa rangi zote na kufariki mwaka 1897. Ya kwanza ilipata upepo wa bahari na bustani. Ya pili haikupata. Jina la Sewa Haji lilihamia baadaye kwenye jengo la wodi pale Muhimbili, na wagonjwa wengi wanaolilalia jina hilo hudhani ni la daktari. Nimelipiga picha kwa nje tu, kwa heshima ya waliolazwa.

Kwa upande wa vinywaji, nyumba kubwa ya wakati wa Mjerumani ilikuwa Hoteli Kaiserhof, iliyofunguliwa kiasi cha mwaka 1906, hatua chache kutoka kanisani. Hapo ndipo maafisa na walowezi walipokunywa bia yao. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, jina la Kaisari halikuweza kubaki ukutani, na hoteli ikaitwa New Africa. Jengo lile la zamani halipo tena. Hoteli iliyopo pale imerithi jina na kiwanja tu, kwa hiyo usidanganywe na anayekuonyesha ghorofa zile akasema ni za Mjerumani.

Nyakati zile mji ulikuwa pia na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana aliyevunja upinzani wa pwani. Waingereza waliing'oa, wakaichukua, hatimaye ikarudi Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na huko huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Hapa kwetu, tangu mwaka 1927, amesimama askari wa shaba na bunduki yake, kwa kumbukumbu ya wapiganaji na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapo wanaopita hapo kila siku kwa miaka thelathini na hawajapata kusoma maandishi ya chini yake, ingawa yapo ya Kiswahili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Sheria za vileo za ukoloni hazikuanzia Dar es Salaam. Zilianzia Ulaya mezani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ilizuia kuwauzia Waafrika pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Ilisemekana ni kwa kumlinda Mwafrika. Huenda baadhi yao waliamini hivyo kwa moyo safi. Lakini tazama matokeo yake mjini: mtu mzima, mwenye watoto na kazi, aliyesoma na kuandika barua za Kiingereza kwa niaba ya mkubwa wake, hakuruhusiwa kisheria kununua tone la wiski, na mkubwa wake akinywa mbele yake. Katazo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo karani wa miaka hiyo alikuwa na mihuri ya Serikali mikononi mwake mchana kutwa, na jioni sheria ikamhesabu kama mtoto.

Mahali pa mkubwa palikuwa Dar es Salaam Club, pale Kivukoni, nyumba yenye varanda pana inayotazama maji. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa kanzu nyeupe na sinia. Na hapa historia imetuachia jambo ambalo mtunzi wa hadithi angeogopa kulibuni, kwamba jengo hilo baada ya Uhuru likawa Hoteli ya Forodhani, watu wakala na kunywa bila kuulizwa rangi, na baadaye likawa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama ya juu kabisa nchini, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Pale palipokuwa na mlango wa watu wachache pakawa mahali ambapo mfungwa wa Keko au mjane wa Kilosa angeweza kusikilizwa rufani yake. Kama kuna jengo moja ambalo kila mwanafunzi wa historia anapaswa kulitazama kwa utulivu, ni hilo. Nimelipiga picha zaidi ya arobaini, zote kutoka upande wa pili wa barabara.

Tukivuka Mnazi Mmoja tunaingia mji mwingine. Wajerumani waliugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa kila mahali, na Waingereza wakaendeleza mpango huo: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini, yaani Kariakoo. Sheria ilizungumza juu ya saruji na makuti, si juu ya rangi ya ngozi, lakini kila mtu alijua nani ana fedha za saruji. Mnazi Mmoja paliachwa wazi katikati ili kutenga. Hata jina Kariakoo ni la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliowekwa hapo.

Huko Uswahilini pombe ilipikwa na wanawake. Hili napenda vijana walizingatie sana. Nairobi, tangu mwaka 1922, Manispaa yenyewe ilipika na kuuza pombe ya kienyeji kule Pumwani na kuweka faida katika mfuko wake. Dar es Salaam wapishi walikuwa akina mama wenye leseni, wakiuza kilabuni. Kwa mwanamke aliyeachika au kufiwa na mume, asiyesoma, asiye na shamba karibu, pipa la pombe lilikuwa ndilo ajira. Lililipa kodi ya chumba na ada ya shule. Wengine wetu, tuliovaa sare nyeupe na kuimba wimbo wa shule kwa sauti kubwa, tulilipiwa kwa fedha iliyonuka komoni, wala sioni aibu kuliandika hilo hapa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wapishi hao.

Kilabu kilikuwaje? Kwa ujenzi hakikuwa kitu: nguzo, bati, sakafu ya saruji yenye mfereji wa maji machafu, mabenchi marefu, na uzio. Ndiyo maana hakuna mtaalamu wa majengo aliyekichora. J. A. K. Leslie, afisa wa Kiingereza aliyefanya uchunguzi wa mji huu mwaka 1956 na 1957, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliona umuhimu wa kuandika jinsi watu wa kawaida walivyoishi, walivyopanga vyumba na walivyostarehe, na kitabu hicho kina manufaa hadi leo. Vilabu nilivyopata kuviona mimi vina sura ile ile ya nguzo na bati. Nikiingia na kamera hutazama kwanza sakafu. Sakafu haidanganyi: utaona pipa lilipokaa, kaunta ilipohamishwa, na ukuta uliokuwapo na sasa haupo.

Pembezoni mwa Mnazi Mmoja pana Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa kwa fedha za tajiri wa mkonge George Arnautoglu. Serikali ya kikoloni ilitaka uwe mahali pa madarasa ya jioni, michezo na dansi za kistaarabu, ili Mwafrika wa mjini atulie. Mwaka 1953 wanachama wa Tanganyika African Association walikutana humo wakamchagua Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, kuwa rais wao, akimshinda Abdulwahid Sykes. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa katika nyumba ya chama, mtaa ambao wakati huo uliitwa New Street na sasa ni Lumumba. Nyumba hiyo ilikuwa imejengwa na wanachama kwa kujitolea. Basi jengo lililotolewa ili watu watulie ndilo walilochagulia kiongozi wa kudai nchi yao.

Mwaka huo huo wa 1953 Serikali ilitoa Waraka namba 5, ukiwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mimi ni mtumishi wa Serikali, najua uzito wa waraka. Mtu hutazama watoto wake, hutazama mshahara, huukunja waraka na kunyamaza. Lakini waraka ule ulikataza uanachama. Haukukataza kukaa benchi moja na rafiki wa zamani jioni mkazungumza habari za dunia. Kama wale makarani waliotakiwa kunyamaza walizungumza, na lazima walizungumza, basi hawakuzungumzia ofisini. Na wale waliobeba habari hizo kutoka nyumba hadi nyumba walikuwa wanawake wa vikundi vya ngoma. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na alianzia kwa wenzake wa ngoma. Chama kilikua katika nyua ambazo hazina kibao chochote ukutani.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, lakini milango haikufunguka yote siku hiyo. Mapema mwaka 1962 Serikali iliwafukuza nchini Wazungu kadhaa, na mmoja wao alikuwa meneja wa Palm Beach Hotel ya Upanga, aliyedaiwa kumvunjia heshima Meya wa Dar es Salaam hotelini humo. Meya huyo alikuwa nani? Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho, mshairi ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi tulikisoma sote shuleni. Zingatieni hapo. Sheikh hakuwa mnywaji. Kilichobishaniwa hakikuwa bia. Magazeti ya nje yalilalamika kuwa Serikali mpya ina hasira za haraka. Kwa maoni yangu ilifanya sawa, kwa sababu kama Meya wa mji anaweza kudharauliwa ndani ya hoteli ya mji wake, dereva wake angetendewaje?

Miaka iliyofuata mambo yakageuka kabisa, Serikali na mashirika yake wakawa wao ndio wenye baa. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965. Kiwanda cha bia, kilichoanza mjini hapa mwaka 1933, kiliingia mikononi mwa umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kikabaki huko mpaka kilipobinafsishwa mwaka 1993. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1964, NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na wananchi wakaiita Msondo. Jeshi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kama mimi.

Waliosoma Mlimani miaka hiyo hawahitaji kukumbushwa baa ya Mlimani Park. Ilikuwa ya shirika la usafiri na teksi lililojulikana kama TTTS, na mwaka 1978 likaundwa kundi la kupiga muziki hapo: Mlimani Park Orchestra, likichukua jina la baa. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Msondo kujiunga nalo, akafuatwa na wengine. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lililokuwa na kumbi zake Kariakoo, Magomeni na kwingineko, na ndipo jina likawa DDC Mlimani Park, wana Sikinde. Nyimbo zao zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kanda zile za redio ndizo zilizohifadhi muziki wetu.

Hapo ndipo linaponiuma. Sauti tunayo. Ukiitafuta, utamsikia Gurumo leo, ingawa alifariki mwaka 2014, na utamsikia Bitchuka akiwa kijana. Lakini ukumbi wenyewe, jukwaa lilikaa upande gani, mlango wa kiingilio ulikuwa wapi, dari ilikuwa ya nini, meza zilipangwaje, picha nilizopata kuziona ni chache mno, na nyingi ni za watu waliojipanga mbele ya ukuta. Mwanamuziki anakumbuka, mhudumu anakumbuka. Wakiondoka hao, imekwisha.

Boma lina watetezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya kulindwa, na watu wanajua kubishana wakisikia kanisa au boma litaguswa. Nani atamwandikia waziri kuhusu kilabu cha bati? Kiwanja kina thamani, mwenyewe amezeeka, watoto wanataka kugawana. Siku tatu zinatosha. Mwaka juzi nilipiga picha baa moja ya zamani Ilala siku ya Jumamosi, nikarudi baada ya miezi minne kupiga upande wa nyuma, nikakuta uzio wa mabati na shimo la msingi. Ninayo picha ya upande wa mbele tu.

Kuhusu namna ya kufanya kazi hii nitasema machache, kwa sababu baadhi yenu mtataka kujaribu. Majengo ya Kivukoni yapigwe asubuhi, jua likitokea upande wa bahari. Baa zipigwe saa nne au saa tano, kabla wateja hawajaja. Omba ruhusa kwa mwenyewe, nunua soda, kaa, eleza. Usipige nyuso. Siku moja mzee mmoja alinifuata mpaka kituo cha basi akiniomba nihakikishe hayumo katika picha, kwa kuwa nyumbani walijua yuko kwenye mkutano wa ushirika. Nilimwonyesha picha zote, akafurahi, akanieleza habari za mtaa ule kwa saa nzima, na ndiye aliyenionyesha mahali lilipokuwa soko la pombe.

Kwa majengo ya Serikali kuna shida ya namna nyingine. Ikulu na maeneo ya ulinzi hayapigwi picha, na hilo halina mjadala. Lakini kuna ofisi za kawaida kabisa ambazo mlinzi wake akiona kamera hupiga filimbi. Katika ofisi moja nilizuiliwa karibu saa mbili, nikiwa na kitambulisho cha kazi mfukoni, kwa kosa la kupiga picha jiwe la msingi. Jiwe la msingi huwekwa ili lisomwe. Pendekezo langu ni kwamba mtu aende na barua, yenye muhuri, hata kama anadhani haihitajiki.

Baada ya picha nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Mafaili ya Sekretarieti ya mkoloni yapo, yakiwamo ya vileo vya wenyeji na leseni, na utashangaa jinsi maafisa wakubwa walivyoandikiana barua ndefu juu ya saa ya kufunga kilabu. Ujue majina ya zamani ya mitaa, ama sivyo hutapata kitu: Uhuru ilikuwa Kichwele, Samora ilikuwa Independence, na kabla yake Acacia, jina lililotokana na Wajerumani. Hata Soko la Kariakoo lisikuchanganye. Jengo la ajabu lenye paa kama miavuli, kazi ya Beda Amuli, ni la miaka ya 1970. Picha ya soko ya kabla ya hapo inaonyesha jengo jingine kabisa, ambalo Mjerumani aliliacha.

Ninazo picha mia sita na kitu, zimepangwa kwa mtaa na mwaka. Nakala moja nimeikabidhi kwa Mwalimu wa Historia shuleni. Nimekubaliana naye kuwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu waanze na eneo linalozunguka shule: ofisi ya kata, zahanati, ghala la ushirika, na, kwa idhini ya Mkuu wa Shule iliyoandikwa, kile kilabu cha ng'ambo ya bonde ambacho kwa miaka yote kilikuwa nje ya mipaka na ambacho kila mmoja wetu anadai hajui kilipo. Walimu wetu wawili, ambao sitawataja, watakumbukwa huko kwa majina.

Wenzangu wa zamani nawaomba jambo moja. Siku ya mkutano wetu mje na picha zenu. Ile ya harusi iliyofanyiwa ukumbini, ile ya baba akiwa na marafiki mbele ya kaunta, ile ya dansi ya mwaka mpya ambayo mama aliificha nyuma ya albamu. Andikeni nyuma yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: mahali, mwaka, na waliomo. Nitakaa meza ya karibu na mlango wa bwalo kuanzia saa tatu asubuhi na mashine ya kunakili, na kila mtu ataondoka na picha yake siku hiyo hiyo.